Sabuni ya Maji Ikikatika, Alaumiwe Nani?

Swali moja husikika karibu kila penye mafunzo ya ujasiriamali, iwe kwenye ukumbi wa kata, kikao cha kikoba au darasa la shirika la viwanda vidogo, SIDO: "Sabuni yangu imekatika, niongeze nini?" Muulizaji alifuata maelekezo yote. Jioni ndoo ilikuwa na sabuni nzito inayovutika. Asubuhi amekuta imekuwa nyepesi, au imejitenga matabaka mawili, au imegeuka nyeupe isiyopitisha mwanga. Majibu anayopewa hayaendi pamoja. Wa kwanza anamwambia aongeze chumvi. Wa pili anasema chumvi ndiyo iliyoikata. Wa tatu anamuuliza kama alikoroga kuelekea upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wa nne anaapa kwamba salfoniki ya siku hizi imechakachuliwa. Wa tano anamshauri aachane kabisa na kemikali, arudi kwenye mafuta ya nazi.

Kwa anayeanza, kutojua nani ana haki kunagharimu. Ndoo ya lita 20 ndiyo wengi huanzia, na mara nyingi fedha yake ni mkopo wa kikundi. Akiongeza chumvi kwenye sabuni ambayo tayari imezidiwa chumvi, anaizika zaidi. Akimlaumu muuzaji asiye na hatia, atahamia duka jingine na kukuta tatizo lile lile likimngoja. Kila moja ya hoja hizi tano ina ukweli ndani yake, ila si sawa kwa uzito. Inafaa zichukuliwe moja moja, kwa kuangalia kinachotokea ndani ya ndoo.

Kwanza, ni sabuni gani?

Sabuni inayofundishwa zaidi Tanzania na Kenya leo haichemshwi wala haina mafuta. Kiini chake ni salfoniki, asidi nzito ya rangi ya kahawia inayotokana na mafuta ya petroli, pamoja na slesi, ule ute mzito ambao madukani huitwa pia ungarol. Salfoniki ikiwa peke yake ni asidi inayounguza. Huwa kisafishaji cha kutumika nyumbani baada ya kutulizwa kwa soda ashi au kwa kostiki soda. Slesi imetulizwa kiwandani, na ile ya kawaida huwa na kisafishaji kama asilimia 70, sehemu iliyobaki ni maji. Kisha huja CDE ya kuongeza povu na uzito, glisarini ya kulainisha mikono, rangi, pafyumu, dawa ya kuzuia kuoza, na mwishoni chumvi.

Sabuni ya pili ni ya asili: mafuta ya nazi, mawese au mbarika yanapikwa na potashi kali mpaka yawe uji mzito, kisha uji huo unayeyushwa kwa maji. Wapo pia wanaokwangua sabuni ya mche na kuichemsha. Hiyo ikipoa hugeuka mlenda, kwa sababu sabuni ya mche imetengenezwa kwa kostiki soda, na sabuni ya kostiki kwa asili yake hutaka kuganda. Kuipiga maji zaidi hakubadili tabia hiyo. Kunaipunguza nguvu tu.

Tofauti hii ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi. Chumvi kiasi huipa uzito sabuni ya salfoniki na slesi, lakini chumvi nyingi kwenye sabuni ya mafuta huifanya ijikunje na kuelea juu. Ndiyo njia ya zamani ambayo viwanda vya sabuni za miche hutumia kutenganisha sabuni na maji yake. Ndimu au siki kwenye sabuni ya salfoniki hushusha ukali wa alkali. Kwenye sabuni ya mafuta huivunja irudi kuwa asidi za mafuta, na ndoo hubaki na utando wa grisi. Dawa inayoponya moja huiua nyingine. Kwa hiyo yeyote anayetoa ushauri kabla ya kuuliza kilichotumika, salfoniki au mafuta, anabahatisha.

Sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu sabuni ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayokatika zaidi.

Hoja ya chumvi

Wanaosema "ongeza chumvi" na wanaosema "chumvi imeikata" wote wako sahihi, kila mmoja kwa ndoo yake. Ili kuona kwa nini, inabidi kuangalia chumvi inafanya nini hasa.

Kila molekuli ya slesi, na ya salfoniki iliyotulizwa, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa ndani ya maji, molekuli hizi hujikusanya katika vifungu vidogo, mikia ikielekea ndani na vichwa nje. Vichwa vyote vina chaji hasi, hivyo vinasukumana, na vifungu hubaki vidogo na vya mviringo. Maji hupita kati yake bila kizuizi. Sabuni inakuwa nyepesi hata kama ina kisafishaji cha kutosha. Sodiamu ya chumvi inapoingia, inapunguza kule kusukumana. Vifungu vinarefuka na kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana, na huo msokotano ndio uzito tunaouona kwenye mwiko. Ukiendelea kuongeza, nyuzi zinaanza kutoa matawi na kuungana, zinateleza badala ya kukamatana, na uzito unashuka. Ukiendelea tena, kisafishaji kinakataa kukaa ndani ya maji na sabuni inajitenga.

Uzito, basi, unapanda mpaka kileleni kisha unateremka. Kwa michanganyiko mingi ya slesi, kilele kiko mahali fulani kati ya asilimia 1 na 3 ya chumvi, yaani gramu 200 hadi 600 kwa ndoo ya lita 20. Umbali huo ni mkubwa, na kilele hakikai mahali pamoja. CDE ikiwa nyingi, chumvi kidogo inatosha. Salfoniki ikiwa nyingi kuliko slesi, kupata uzito kwa chumvi ni vigumu zaidi na sabuni huwa nyeupe mapema. Pafyumu nyingine hukata uzito, nyingine huongeza. Glisarini ikizidi huulegeza. Ndiyo maana "nusu kilo ya chumvi" iliyoandikwa kwenye daftari la mafunzo inaweza kuwa pungufu kwa mmoja na balaa kwa mwingine.

Udhaifu mkubwa wa chumvi kama dawa ni kwamba haitolewi. Ikishazidi, njia iliyobaki ni kuongeza kilicho kinyume chake: slesi iliyoyeyushwa kwenye maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, mpaka uwiano urudi. Hilo linaongeza gharama, ingawa pia linaongeza ubora.

Kabla ya kufanya lolote, kuna jaribio la dakika chache ambalo mafunzo mengi hayalifundishi, na inasikitisha kwamba hayalifundishi. Chota vikombe viwili vya sabuni iliyokatika. Kwenye cha kwanza tia kijiko cha maji ya chumvi. Kwenye cha pili tia kijiko cha maji matupu. Koroga taratibu, ngoja mapovu yatulie. Kikombe cha kwanza kikiwa kizito zaidi, sabuni ilipungukiwa chumvi. Kikiwa chepesi au cheupe zaidi, na kile cha maji matupu kikapata uzito au kung'aa, chumvi imezidi. Vikombe vyote viwili vikibaki vyepesi, huenda tatizo halihusu chumvi: kisafishaji ni kichache mno, na hakuna chumvi itakayosokota nyuzi zisizokuwepo.

Joto nalo hudanganya. Sabuni ile ile itaonekana nyepesi mchana wa Januari jijini Dar es Salaam na nzito asubuhi ya Juni kule Njombe, kwa kuwa joto hulegeza msokotano. Ukiongeza chumvi wakati sabuni bado ina joto la maji moto uliyotumia, utaamka ukute imekuwa rojo au imeshapita kilele.

Hoja ya mkono

Kundi la tatu linalaumu mkorogaji. Alibadilisha upande, alikoroga kwa haraka, alimwachia mtu mwingine mwiko. Imani ya kukoroga kuelekea upande mmoja ina nguvu kiasi kwamba wakufunzi wengine huitaja kabla ya vipimo.

Upande wa kukoroga hauna athari yoyote ya kikemia. Molekuli hazina kumbukumbu ya kulia na kushoto. Viwandani mashine za kuchanganya huzungusha sabuni kwa namna nyingi kwa wakati mmoja, na haikatiki kwa sababu hiyo. Hata hivyo hoja hii si ya kutupwa yote, maana ndani yake umefichwa uzoefu wa kweli. Anayekoroga upande mmoja hukoroga taratibu, na anayekoroga taratibu haingizi hewa nyingi. Hewa ni muhimu hapa. Soda ashi inapokutana na salfoniki hutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa wingi, na ukichanganya na hewa ya mwiko unaokwenda kasi, ndoo hujaa vipovu vidogo visivyoonekana kimoja kimoja. Sabuni yenye vipovu huonekana nyeupe na nzito. Usiku vipovu vinapanda juu na kuondoka. Asubuhi sabuni imeng'aa lakini imekuwa nyepesi. Mkorogaji anadhani imekatika. Haijakatika, haikuwahi kuwa nzito.

Mpangilio wa kuchanganya una nguvu zaidi kuliko upande. Slesi ukiimwagia maji mengi kwa mkupuo, sehemu ya nje ya kila bonge hugeuka ute mgumu kuliko slesi yenyewe, nao huzuia maji kuingia ndani. Matokeo ni mabonge yanayoogelea kwa siku mbili huku sabuni yote iliyobaki ikikosa nguvu. Njia salama ni maji kidogo kidogo huku ukiponda, au kuiacha slesi ilowe usiku kucha. Soda ashi nayo lazima iyeyuke kabisa kwenye maji yake yenyewe kabla haijaingia, na iingie kidogo kidogo, la sivyo povu la gesi litafurika nje ya ndoo. Chumvi iyeyushwe pia. Chembe kavu ya chumvi ikitua mahali pamoja, hukata sabuni pale ilipotua hata kama ndoo nzima bado haijafika kilele.

Mkono una makosa yake, basi, lakini ni makosa ya haraka. Subira ya usiku mmoja kabla ya kutoa hukumu ingeokoa ndoo nyingi.

Hoja ya muuzaji

Malalamiko kuhusu malighafi yana msingi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu kemikali za viwandani na majumbani inawataka wafanyabiashara wa kemikali wasajiliwe, na usimamizi uko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini mnunuzi wa lita moja haoni pipa lenye lebo. Anamiminiwa kwenye chupa iliyowahi kuwa na maji ya kunywa, isiyo na jina, tarehe wala kiwango cha nguvu. Hawezi kujua kama ni salfoniki ya asilimia 96 au iliyoongezwa maji. Slesi huuzwa pia ikiwa imepunguzwa nguvu, na soda ashi iliyokaa wazi hunyonya unyevu na hewa mpaka gramu zake zikawa hazina nguvu zile zile.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye matumizi yake. Imekuwa kimbilio. Kila ndoo ikiharibika, muuzaji ndiye mwizi, na kwa kuwa hakuna anayepima, hakuna anayeweza kukanusha wala kuthibitisha.

Na kupima kunawezekana jikoni. Salfoniki halisi ina tabia isiyoghushika kirahisi: kiasi cha soda ashi kinachohitajika kuituliza. Gramu 100 za salfoniki ya asilimia 96 zinahitaji takriban gramu 16 za soda ashi kavu. Changanya kwenye maji, pasha moto kidogo mpaka mapovu ya gesi yaishe, kisha chovya karatasi ya kupimia pH. Ikiwa gramu 11 au 12 tu zimetosha kuifikisha 7, sehemu isiyo ndogo ya ulichouziwa haikuwa asidi. Jaribio hili si kamilifu, kwani gesi iliyobaki ndani ya maji huishusha pH na kumdanganya mwenye haraka. Ila likirudiwa kila unaponunua, na matokeo yakaandikwa, linakupa jambo ambalo hasira haikupi: ushahidi wa kwenda nao dukani.

Hoja ya maji

Hii ndiyo hoja inayosemwa kwa uchache zaidi, nami naiona ndiyo inayostahili kusikilizwa zaidi baada ya vipimo.

Maji ni zaidi ya asilimia 85 ya ndoo. Yakiwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi, yaani maji magumu, salfoniki iliyotulizwa hushikana na madini hayo na kuwa nyeupe, na sehemu yake haifanyi kazi tena. Slesi huvumilia zaidi, ndiyo moja ya sababu za kuzichanganya mbili hizi. Yakiwa na chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya mwambao ambako bahari imeingia ardhini, mkorogaji ameshaanza kupanda kilima kabla hajafungua paketi ya chumvi.

Maelekezo ya mafunzo yanasafiri, maji hayasafiri. Sabuni iliyofaulu Mwanza kwa maji laini ya Ziwa Victoria ikipelekwa vile vile Unguja, ambako maji hutoka kwenye mawe ya matumbawe, itatoa matokeo mengine. Ikipelekwa kwenye kisima cha maji ya chumvi Mombasa au Dar es Salaam, kiasi kile kile cha chumvi kitaikata. Mtu anafuata kila neno na bado anashindwa, kisha anaambiwa mkono wake ni mbaya. Si haki.

Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, yakachujwa na kuchemshwa, ni laini kuliko karibu maji yote mengine, na hayana bei. Asiye nayo atumie yale aliyo nayo, lakini achukulie kiasi cha chumvi kwenye daftari kuwa ukomo wa juu: aanze na robo yake, kisha apande. Chumvi yenyewe nayo huja na madini ya mahali ilikotoka. Chumvi ya mawe isiyosafishwa ya mwambao hubeba magnesiamu, ambayo huongeza ukungu. Kwa sabuni inayotakiwa kung'aa, chumvi safi ya mezani ni bora.

Vijiko na vikombe

Tunafika penye mzizi. Maelekezo mengi yanayopokezana mikononi yameandikwa kwa vijiko, vikombe, vifuniko na "robo" bila kusema robo ya nini. Kwa vimiminika kosa hilo ni dogo. Kwa unga ni kubwa mno.

Soda ashi huja kwa namna mbili: nyepesi ya unga, na nzito ya chembechembe. Kikombe cha ile nzito kina karibu mara mbili ya uzani wa kikombe cha ile nyepesi. Mkufunzi aliyepima vijiko sita vya unga mwepesi na mwanafunzi anayepima vijiko sita vya chembe nzito hawatengenezi sabuni moja. Wapo pia wanaotumia magadi ya jikoni badala ya soda ashi. Magadi halisi yana sehemu ya bikaboneti na maji ndani yake, hivyo nguvu yake kwa kila gramu ni ndogo, kama gramu 140 kwa kazi ya gramu 100 za soda ashi, mbali na uchafu wa udongo.

Tazama maelekezo ya kawaida ya lita 20: lita moja ya salfoniki, nusu kilo ya slesi, robo kilo ya soda ashi, nusu kilo ya chumvi. Lita moja ya salfoniki ina uzani wa kama kilo 1.05, na kuituliza kunahitaji takriban gramu 170 za soda ashi. Robo kilo ni gramu 250. Gramu 80 za ziada hazipotei. Hubaki kwenye sabuni kama alkali inayokausha mikono ya mwoshaji, na juu ya hapo hufanya kazi ile ile ya chumvi, maana sodiamu ni sodiamu. Mtu huyo akiongeza nusu kilo ya chumvi kwa kutii daftari, amezidisha mara mbili bila kujua.

Upande wa pili, soda ashi ikipungua, sabuni hubaki na asidi. Haitaonekana mbaya siku ya kwanza. Lakini slesi ikikaa ndani ya asidi huvunjika polepole, na kuvunjika kwake kunazaa asidi zaidi. Baada ya miezi kadhaa chupa iliyouzwa ikiwa nzito inakuwa maji, na mteja harudi.

Mizani ya jikoni ya kidijitali na karatasi za pH kwa pamoja havifikii thamani ya ndoo chache zilizoharibika. Hoja inayotolewa dhidi yake ni kwamba mwanzilishi hana fedha ya vifaa. Kwa vikundi hoja hiyo haisimami: mizani moja inatosha watu 20.

Kuna jambo jingine ambalo mizani hulifichua. Ukipiga hesabu ya maelekezo yale ya lita 20, kisafishaji halisi ni kama kilo 1.35, yaani asilimia 6 hadi 7. Sabuni hiyo inaweza kufanywa nzito kuliko ya dukani kwa chumvi au kwa unga wa CMC, na bado ikawa dhaifu kwenye sufuria yenye mafuta. Uzito hauonyeshi nguvu, wala povu halionyeshi. Soko limezoea kuinamisha chupa na kuhukumu kwa macho, na mtengenezaji analazimika kufuata soko. Lakini anayetafuta wateja wa kudumu, hasa mama lishe na hoteli ndogo wanaoosha vyombo vingi, afadhali aongeze slesi kuliko kuongeza chumvi.

Sabuni inayonuka

Tatizo la kuoza hujitokeza baadaye, baada ya wiki mbili au tatu: harufu kama ya yai viza, madoa meusi, chupa iliyovimba. Wengi hushangaa kwamba sabuni inaweza kuoza. Sabuni ya mafuta yenye potashi ina alkali kali ambayo bakteria wengi hawaivumilii. Ya salfoniki, ikitulizwa vizuri, haina kinga hiyo, na wapo bakteria wa majini wanaoishi humo bila shida.

Jibu la kawaida ni formalini. Nguvu zake ni bei ndogo na uwezo mkubwa wa kuua vijidudu. Udhaifu wake ni mzito: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka formaldehaidi, gesi iliyomo ndani ya formalini, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeathirika zaidi ni mkorogaji, anayeivuta akiwa ameinama juu ya ndoo ndani ya chumba kisicho na madirisha. CDE nayo iliwekwa na shirika hilo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kundi la chini zaidi kwa ushahidi, lakini inatosha kumfanya mtu asiizidishe kwa kutafuta povu.

Mbadala unaopendekezwa sana ni sodiamu benzoeti, ile ya kwenye juisi. Hapa wengi hupoteza fedha, kwa sababu benzoeti hufanya kazi kwenye vitu vyenye uchachu, pH chini ya 5 hivi. Kwenye sabuni yenye pH 8 haizuii chochote. Fenoksiethanoli, kwa asilimia 0.5 hadi 1, hufanya kazi pote pawili na ni nafuu kwa afya, ingawa bei yake ni kubwa na haipatikani kila duka. Asiyeipata apunguze mzigo wa vijidudu kwanza: maji yachemshwe, ndoo na mwiko vioshwe kwa maji moto, chupa zisitumike zikiwa na unyevu, na sabuni itengenezwe kwa kiasi kitakachoisha haraka. Sabuni iliyokwisha kunuka isifunikwe kwa pafyumu ikauzwa. Ya kunawia mikono hasa inagusa ngozi yenye michubuko na mikono ya watoto. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na wanaotaka alama ya ubora wataulizwa kuhusu kuoza huku.

Kurudi kwenye mafuta

Wanaosema "achana na kemikali" wana hoja yenye mvuto. Nazi ziko mwambao mzima, mawese yako Kigoma, na sabuni ya mafuta haihitaji formalini. Lakini potashi kali ni kemikali tena ya hatari, si rahisi kuipata nje ya miji mikubwa, na inahitaji mizani kuliko salfoniki inavyohitaji. Kilo moja ya mafuta ya nazi hudai takriban gramu 257 za potashi safi, au kama gramu 285 ikiwa potashi ni ya asilimia 90. Anayekosa potashi akaweka gramu 257 za kostiki soda badala yake, ambapo gramu 183 tu zingetosha, amebakiza zaidi ya gramu 70 za kostiki huru. Sabuni hiyo itaganda, na itaunguza. Hata ikitengenezwa sawasawa, kwenye maji magumu ya Unguja huacha utando mweupe kwenye vyombo, jambo ambalo slesi haifanyi. Ni sabuni nzuri kwa anayependa kazi yake na mwenye mafuta ya bei nafuu. Kama njia ya kukwepa ugumu wa vipimo, haifai.

Pa kuanzia

Hoja zote zikiwekwa mezani, ya upande wa kukoroga ndiyo nyepesi kuliko zote, na ingefaa wakufunzi waiache ili muda wake utumike kufundisha karatasi ya pH. Ya muuzaji ni ya kweli mara kwa mara, lakini bila kupima ni tuhuma tu. Ya maji inaeleza kwa nini watu wawili waaminifu wanapata matokeo mawili. Ya chumvi ni dalili zaidi kuliko chanzo: chumvi hukata sabuni ambayo tayari soda ashi isiyopimwa na maji yasiyojulikana yameifikisha kileleni. Naona kosa la kwanza, katika ndoo nyingi, ni la vijiko.

Kwa mwenye ndoo iliyokatika leo, utaratibu ni huu. Asiongeze kitu. Aiache usiku mzima, ipoe na vipovu vitoke. Asubuhi apime pH. Ikiwa chini ya 7, aongeze maji ya soda ashi kidogo kidogo mpaka ifike kati ya 7 na 8, kwa kuwa kutuliza asidi peke yake mara nyingi hurudisha uzito. Kisha vikombe viwili. Kikombe kikisema chumvi imepungua, aongeze gramu 50 zilizoyeyushwa, angoje, apime tena. Kikisema imezidi, aongeze slesi iliyolowekwa, robo kilo kwa wakati mmoja. Asiguse CDE wala CMC kabla ya hapo.

Na ikiwa robo kilo mbili za slesi hazijaiokoa, asitie ya tatu. Sabuni hiyo, kama haijaoza na pH yake iko sawa, bado inasafisha sakafu, vyoo na matambara. Aitumie nyumbani au aiuze kwa bei ya chini kwa kazi hiyo na kwa maelezo hayo, mbali na watoto na isiwe kwenye chupa ya soda, wala isichanganywe na dawa za kung'arishia zenye klorini. Fedha ya slesi ya tatu anunue mizani.